Kazi ya mitokondria hufanyika utandoni

Wanafunzi wengi ninaowafundisha biokemia huja wakiamini kwamba mitokondria, kile kijisehemu cha seli kinachoipatia nguvu, ni tanuri: chakula kinaingia, kinaungua, nguvu inatoka. Picha hiyo huficha utando wa ndani, nao ndio roho ya shughuli yote.

Mitokondria ina tando mbili. Ule wa nje una vitundu vinavyopitisha molekuli ndogo bila taabu. Wa ndani ni mgumu kupenyeka. Hata protoni, yaani kiini kitupu cha haidrojeni, haikatizi hivihivi. Tena umejikunjakunja, na katika misuli ya moyo, isiyojua kupumzika, mikunjo hiyo husongamana sana.

Glukosi huanza kuvunjwa nje ya mitokondria, kisha mabaki yake humaliziwa ndani. Elektroni zinazopatikana hupokezanwa na protini za utandoni mpaka ziifikie oksijeni, ambayo hugeuka maji. Hiyo ndiyo sababu tunavuta pumzi. Wakati wa kupokezana huko, protoni husukumwa kuvuka utando na kurundikana upande wa pili. Hapo hujengeka tofauti ya umeme ya takriban milivolti 150. Ni kidogo, utasema, lakini utando wenyewe una unene wa nanomita 5 hivi. Piga hesabu: volti milioni 30 kwa mita!

Protoni hutaka kurudi, na mlango wao mkuu ni kimeng'enya kiitwacho ATP sinthasi, kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nguvu ya kuendesha kazi za seli. Zikipita, sehemu yake huzunguka, na kila mzunguko mmoja hutoa ATP 3. Huzunguka kwelikweli: mwaka 1997 watafiti wa Japani walikipachika uzi wa protini unaong'aa, wakautazama ukizunguka chini ya hadubini.

Wazo hili la protoni lilitolewa na Peter Mitchell wa Uingereza mwaka 1961. Wenzake walilipinga kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1978. Kwangu mimi, hoja yenye nguvu kuliko zote ni hii: utando ukivujisha protoni, oksijeni huendelea kutumika lakini ATP haitengenezwi. Mwili wenyewe hufanya hivyo makusudi. Mafuta ya kahawia ya mtoto mchanga yana protini inayozirudisha protoni kwa njia ya mkato, na nguvu yake yote hutoka kama joto la kumkinga na baridi.