Walimtafuta Yesu kwa sababu walishiba

Kila nikifundisha Yohana sura ya 6 naanzia kwenye neno mkate, maana ndo linatupotezaga. Sisi huku mkate ni wa chai asubuhi, ukikosekana unanywa na muhogo au kiporo na maisha yanaendelea. Ila Galilaya ya wakati ule mkate ndo ulikuwa ugali wenyewe, usipokuwepo nyumba imelala njaa. Kwa hiyo Yesu anaposema "Mimi ndimi mkate wa uzima" usisikie kitafunwa, sikia ugali.

Sasa waangalie hawa watu, umati uliokuwa unamfuata Yesu. Jana yake wamekula mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, wanaume peke yao kama elfu tano, vikabaki vikapu 12, wakataka kumshika Yesu kwa nguvu wamfanye mfalme yeye akajitenga mlimani, kesho yake wanapanda mashua wanavuka mpaka Kapernaumu kumsaka. Ukiwaona utasema hawa wana kiu ya Mungu kweli kweli, halafu yeye anawaambia mnanitafuta kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba. Hilo "mkashiba" kwa Kigiriki limetoka kwenye neno la majani, mwanzoni lilikuwa la mifugo inayolishwa, japo enzi hizo walishalizoea hata kwa watu. Na Yohana alishasema pale walipoketi palikuwa na majani tele.

Naomba nieleweke hapa, njaa yao haikuwa dhambi. Kuna mahubiri yanamfanya mama aone aibu kumwomba Mungu ada ya mtoto, na mimi hayo siyakubali kabisa, kwani aliyewalisha si Yesu mwenyewe? Shida ni kwamba ule mkate ulikuwa ishara ya kuwaelekeza kwake, kama kibao cha barabarani kinachoonyesha Morogoro ni kule, wao wakashuka pale kwenye kibao wakaanza kujenga.

Halafu wakamtajia mana, kile chakula baba zao walichokula jangwani. Mana jamani, ambayo kitabu cha Kutoka sura ya 16 kinasema walioiweka mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka! Na baba zao walioila wakafa. Yesu yeye anaongelea chakula "kidumucho", na hicho kitenzi kwa Kigiriki ndo kilekile cha Yohana 15, "kaeni ndani yangu". Yaani sio kitu unakula Jumapili unaweka akiba ya wiki nzima, ni kukaa na Mtu. Nimewahi kupita miezi nafungua Biblia kuandaa masomo tu, nawapakulia wengine vizuri kabisa na wanashukuru, mwenyewe sili, na nilikonda rohoni bila mtu yeyote kanisani kugundua.

Mwisho wa sura wengi wanaondoka, mafundisho ni magumu. Yesu anawauliza wale wanafunzi wake kumi na wawili kama na wao wanataka kwenda. Petro hasemi wameelewa kila kitu, anauliza tu, "Bwana, twende kwa nani?"