Ngano ni kitu gani hasa, na mtoto anatoka na nini?

Ukimtajia mtu wa hapa Kampala neno ngano, anafikiria unga, chapati, rolex ya asubuhi, ile chapati ya kukunjia mayai, pale stendi ya boda. Sio hiyo. Ngano ninayoongelea ni zile hadithi za zamani zisizo na mwenyewe, hakuna anayejua nani alitunga, zimepita mdomo kwa mdomo, mnyama anaongea, zimwi linaoa, maiti anarudi shambani na hakuna anayeuliza imewezekanaje. Waganda wanaita engero, Waacholi wanasema ododo. Kwa Kiswahili msimulizi anaita "Paukwa!" mnajibu "Pakawa!" na hapo wote mmeshakubaliana kwamba sasa tunadanganyana, lakini uongo wa halali.

Mimi nimekulia kambini, baba alikuwa askari, na kambini ilikuwa Kiswahili tu, maana jirani wa kushoto Mlugbara, wa kulia Mteso, wa nyuma Muganda, sasa mtaelewana kwa lugha gani nyingine? Umeme ukienda watoto wote tunajazana kwenye veranda ya mama mmoja wa Kiganda, na hapo ndipo nilisikia habari za Njabala.

Njabala alikuwa binti wa pekee, wazazi wakamdekeza mpaka akakua hajui hata jembe linashikwa upande gani. Wazazi wakafa, akaolewa, mume akamwonyesha shamba akamwambia lima. Akakaa chini analia anamwita mamake, na mzimu wa mama ukaja kweli, ukachukua jembe ukaanza kumlimia huku unaimba, unamwonyesha wanawake wanavyolima na unamsihi asije akamkutanisha na mkwe. Siku moja mume akatokea ghafla akawaona. Mzimu ukatoweka, Njabala akabaki na shamba lake.

Yule mama msimulizi akifika pale pa mkwe, sisi wengine tunacheka tu, lakini watoto wa Kiganda wananyamaza kabisa, na mimi nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani, ni mwiko. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuwakalisha wale watoto chini awafundishe huo mwiko, waliupata ndani ya wimbo, pamoja na woga wake. Ngano inafanya kazi hivyo.

Halafu unaenda shule unaambiwa andika "hadithi hii inatufundisha tusiwe wavivu", vema, unapata maksi. Lakini ukiitazama vizuri mwenye kosa sio Njabala, ni mzazi, na aliyekaa anasimulia ni mzazi vilevile. Anajisema mwenyewe mbele ya watoto wa watu.

Sungura ndio anawapa walimu kazi. Waganda wanamwita Wakayima, na mwandishi Okot p'Bitek alikusanya ngano za Kiacholi kwenye kitabu cha 1978 chenye jina la huyo huyo sungura. Anadanganya, anaiba, anamtapeli chui, na mara nyingi haadhibiwi, sasa hapo funzo ni lipi? Mimi naona sio wizi. Ukiwa mtoto kila mtu anakuzidi nguvu, kaka anakupiga, mwalimu ana kiboko, kwa hiyo mdogo anayeshinda kwa akili unamshangilia tu, na ile raha ndio somo.

Na ngano ya Kintu, mtu wa kwanza wa Waganda, na mkewe Nambi aliyetoka mbinguni, hiyo ni ya kifo. Ggulu, baba wa Nambi, aliwaonya wakishuka wasirudi nyuma kwa lolote, Nambi akakumbuka ulezi wa kuku wake, ikabidi urudiwe, na Walumbe, kaka wa Nambi ambaye ndiye kifo chenyewe, akawafuata mpaka duniani. Ndugu yao Kayikuuzi alitumwa amkamate, akashindwa, na yale mashimo yanayosemwa Walumbe alikimbilia mpaka leo watu wanaenda kuyaona Ttanda, upande wa Mityana. Mtoto anapata jina la kifo kabla hajapelekwa mazishi ya kwanza.

Watu wanadhani za wazungu ndio tamu. Ile ya binti wa kofia nyekundu, Mfaransa Perrault alipoichapa 1697, mbwa mwitu anamla na hadithi imeisha, hakuna wa kumwokoa. Ndugu wa Grimm, wale Wajerumani, 1812 waliandika kwamba aliyetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi, halafu toleo la 1819 wakambadilisha akawa mama wa kambo, na kina mama wa kambo bado wanalipia hilo deni.

Juzi nimemsimulia binti yangu wa miaka sita ya Njabala. Akaniuliza, "Mzimu ulipokimbia ulienda na jembe ama uliliacha?" Nikamwambia uliliacha. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ndio akalima."