Upasuaji wa kupunguza uzito: daktari yuko Dar, mgonjwa yuko Tabora

Alikuja kliniki yetu ya lishe siku ya Jumatatu, siku ambayo benchi la nje hujaa mpaka watu wanakaa chini ya mwembe. Mama wa miaka arobaini na kitu, anauza vitenge hapa mjini Tabora. Alikuwa anatapika, wiki ya tatu sasa. Nilipomwomba cheti cha hospitali alikotoka, alifungua simu akanionyesha picha mbili: yeye akiwa na kilo 128, na yeye wiki sita baada ya upasuaji. Barua hakuwa nayo. Aina ya upasuaji hakuijua. Alichojua ni kwamba walimpasua kwa matundu madogo na kwamba tumbo lake sasa ni dogo.

Inanibidi nikiri nilichofanya. Nilitoa kipeperushi changu cha kila siku nikaanza kumsomea mlo kamili: ugali, mboga za majani, kipande cha nyama, tunda. Akaninyamazia, kisha akasema, "Dokta, kijiko cha tatu cha uji nakirudisha." (Mimi si daktari, ni afisa lishe, lakini hapa kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta.) Kipeperushi nikakirudisha mezani. Nikamshika mkono nikampeleka kwa daktari wa zamu, naye kabla hata ya dripu ya sukari aliagiza sindano ya vitamini B1. Sababu yake nitaieleza mbele, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Tangu siku hiyo nimekutana na wengine kadhaa, wake kwa waume, waliopasuliwa mbali wakarudi nyumbani. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Kila mmoja ana lake la kusema juu ya daktari wake, zuri au baya, ila nimegundua hawamsemi kwa kisu chake. Wanamsema kwa yaliyofuata: kama alipokea simu, kama aliandika barua, kama alimkumbuka mtu wake mwezi wa nne baada ya upasuaji.

Kwanza tuelewane kinachofanyika. Hapa nchini huduma hizi zinapatikana Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ikiwa mojawapo ya zinazozitoa, na wapo wanaokwenda nje ya nchi. Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa kukata mfuko wa chakula na kuondoa kama robo tatu yake au zaidi, ukabaki mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo licha ya mtu kushiba haraka, hata hamu yenyewe hupungua. Aina ya pili humwachia mtu kijifuko kinachobeba kama mililita 30, chini ya vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, kisha utumbo huunganishwa hapo ili chakula kipite njia ya mkato. Wapo pia wanaowekewa puto tumboni, ila hilo si upasuaji. Huingizwa kwa mdomo likajazwa maji tumboni, na aina nyingi hukaa miezi sita likatolewa.

Kujua umefanyiwa ipi kati ya hizi si suala la kitaalamu la kumwachia daktari. Ukija kwetu usiku unaumwa tumbo, hilo ndilo swali la kwanza.

Anayestahili kupasuliwa hupimwa kwa kugawa kilo zake kwa urefu wake wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 128 anapata 50. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa 40, au 35 kama una kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa mwingine unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine. Kwa hiyo binti wa mita 1.60 mwenye kilo 78 anayetaka kupungua kabla ya sendoff, hapa hayumo, hata akiwa na pesa yake mkononi. Akipata daktari anayemkubali haraka bila kumpima chochote, hiyo haraka yenyewe impe wasiwasi.

Na upasuaji wenyewe unafaa, nisieleweke vibaya. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000, karibu nusu wakiwa wamepasuliwa. Miaka 20 baadaye waliopasuliwa walikuwa bado wako chini ya uzito wao wa mwanzo kwa wastani wa asilimia 18, na vifo kwao vilikuwa vichache kuliko kwa wasiopasuliwa. Angalia vizuri neno "wastani". Wapo waliorudisha kilo nyingi, na kwa kawaida hurudi baada ya mwaka wa pili, wakati ambapo mtu ameshaacha kwenda kliniki.

Mwalimu mmoja mstaafu alinieleza namna alivyompata daktari wake. Alikwenda kwa wawili. Wa kwanza alimwonyesha picha za watu waliopungua na kumtajia bei. Wa pili alimuuliza anaishi wapi. Aliposikia Tabora, akamuuliza tena: huko nani atakuangalia? Kuna maabara inayopima wingi wa damu na chumvichumvi za mwilini? Nani anapika nyumbani? Mwalimu alikasirika kidogo, akaona anadharauliwa kwa kutoka mkoani. Mwishowe alirudi kwa huyo wa pili, na aliporuhusiwa alipewa barua ya kurasa mbili: aina ya upasuaji, tarehe, dawa alizobadilishiwa, vipimo vya kurudia mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, na namba ya muuguzi. Barua ile aliitoa kopi tano. Moja ninayo mimi kwenye faili lake.

Mwingine, mfanyabiashara wa mpunga, anasema kabla ya kulipa alipigiwa simu kila siku, na baada ya kupasuliwa simu yake ikawa haipokelewi. Sina namna ya kuusikia upande wa pili, kwa hiyo siwezi kumhukumu mtu. Ninalojua ni yaliyomkuta. Alikuwa mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi. Baada ya upasuaji alikula kidogo sana na sukari ikashuka yenyewe, kama inavyotarajiwa, ila vidonge akaendelea navyo kwa dozi ileile kwa sababu hakuna aliyemwambia apunguze. Alianguka ghalani saa nne asubuhi. Dawa za kisukari na za presha hupangwa upya mapema, pengine kabla mtu hajatoka wodini, na zinaendelea kupunguzwa kadiri kilo zinavyoshuka. Huwezi kujipunguzia mwenyewe kwa kubahatisha, wala kuendelea kama zamani.

Daktari anayekupasua, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi na wangapi walipata madhara. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Muulize pia utakaa karibu naye siku ngapi kabla ya kusafiri. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, na kukaa kwenye kiti muda wote huo miguu ikining'inia, siku chache baada ya upasuaji, kunaweza kugandisha damu kwenye mguu na bonge hilo kupanda mapafuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo si safari ya kuendelea nayo. Na mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, pamoja na homa au maumivu ya tumbo yanayopanda hadi bega la kushoto, huenda mshono unavuja. Hapo nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kumpata daktari wako kwenye simu.

Sasa chakula, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Wiki mbili za mwanzo ni vimiminika, kisha vyakula vilivyopondwa laini, kisha vyepesi kutafuna, na chakula cha kawaida kinarudi kati ya wiki ya sita na ya nane. Kinachotafutwa kila siku ni protini, gramu 60 au zaidi, vinginevyo unayeyusha misuli badala ya mafuta. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia makopo ya unga wa bei mbaya. Tuhesabu vya sokoni kwetu. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa au mtindi 8. Dagaa wakavu wa Kigoma, wanaotufikia kwa treni, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wachambue, wakaange bila mafuta, wasage wawe unga. Mayai matatu, glasi mbili za mtindi, gramu 30 za unga wa dagaa na nusu kikombe cha maharage yaliyopondwa, umeshafika. Lakini huvipati kwa milo miwili. Ni mara tano au sita kwa siku, vijiko vichache, kwa kutafuna mpaka kiwe uji mdomoni. Maji yasiandamane na chakula. Subiri nusu saa. Ugali mgumu, nyama ya ng'ombe ya kuvutana nayo na mkate mweupe hukwama kirahisi, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iache mpaka mwaka uzunguke.

Asali nayo ina kisa chake. Tabora huwezi kumwambia mtu asali ni mbaya akakuelewa. Mama mmoja aliyefanyiwa ule upasuaji wa njia ya mkato alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu na asali kila asubuhi, kaambiwa inayeyusha mafuta. Kila akinywa, ndani ya nusu saa jasho, moyo mbio, tumbo la kuendesha, kisha analala kama aliyepigwa. Shemeji zake walishaanza kutafuta nani kamrushia kitu. Hakuna aliyemrushia kitu. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kwa kuwa haipiti tena kwenye mfuko wa kuizuia, inamwagika kwenye utumbo kwa mkupuo na kuvuta maji. Soda na juisi hufanya vilevile. Aliiacha, na mazungumzo ya uchawi yakaisha nyumbani kwake bila kikao.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha. Nasisitiza kwa sababu wengi huacha wakijisikia vizuri. Akiba ya B12 kwenye ini inaweza kudumu miaka, kwa hiyo upungufu huja kimya: ganzi za nyayo, ulimi kuwaka, kuchoka. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, viachane saa mbili, na chuma usikishushe kwa chai. B1 ndiyo ya haraka kuliko zote. Akiba yake ni ya wiki chache tu, na mtu anayetapika mfululizo huimaliza. Akianza kuona viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, ubongo unaumia, na pengine usipone. Dripu ya sukari ikitangulia bila B1 huzidisha hatari. Ndiyo maana daktari wetu wa zamu alianza na sindano. Kutapika kwa siku mbili tatu mfululizo si sehemu ya kupungua uzito, hata kama jirani aliyepasuliwa kasema ni kawaida.

Kwenye duka la dawa, sema umepasuliwa tumbo kabla hujauziwa dawa ya mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchimba vidonda palipounganishwa, hasa kwa wale wa njia ya mkato. Sigara pia. Nywele kukatika mwezi wa tatu hadi wa sita baada ya upasuaji hutisha, ila mara nyingi huota tena protini ikitosha.

Waliowekewa puto wanasahau tarehe. Puto lililopitisha muda linaweza kupasuka, likashuka na kuziba utumbo. Mengi hutiwa maji ya rangi, kwa hiyo ukiona mkojo umekuwa wa kijani au bluu, puto linavuja, safari ya hospitali ni leo.

Yapo pia ambayo hayamo kwenye barua ya daktari yeyote. Kwenye sinia la pilau la watu sita, wenzako wanafika katikati nawe uko tonge la tatu, na mwenyeji anaona unamdharau. Muuza vitenge wangu alipofika kilo 90 wateja walianza kumnong'ona, wengine wakamuuliza kwa huruma kama ameshaanza dozi. Kwetu kukonda kuna jina lake. Mumewe aliambiwa na dada zake kwamba hamlishi mke. Nilimshauri aje naye kliniki, wakaja wote wawili, na mume ndiye aliyeuliza maswali mengi. Kuhusu Ramadhani walikubaliana na daktari kwamba mwaka wa kwanza asifunge, kwa sababu tumbo lile haliwezi kupokea usiku maji ya mchana mzima.

Wiki iliyopita alikuja tena na mfuko wake wa vidonge, na safari hii na barua, maana hospitali aliyopasuliwa tuliwaandikia wakaituma. Ana kilo 84. Alikuwa na swali moja tu, la mtoto. Unene uliokuwa umemfungia kizazi umepungua na siku zake zimerudi kama za msichana. Nikamweleza kwamba mimba husubiri kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, uzito utulie na damu ijae. Tukafungua kadi yake tukahesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa kalamu. Daktari wake alikuwa ameandika miezi 18. Imebaki minne.