Asklepia ya Chungwa: Usiichimbe Porini, Ipande kwa Mbegu

Kila majira ya joto, maua ya asklepia ya chungwa, mmea wa porini wenye maua ya rangi ya chungwa, yanapoanza kuonekana, ofisi yetu ya ugani hapa kaskazini mwa Jimbo la New York hupokea malalamiko kutoka kwa wasimamizi wa hifadhi na wenye mashamba kwamba mimea hiyo imechimbwa na kuachwa mashimo. Hatuamini kwamba wachimbaji wana nia mbaya. Wengi wamesikia kampeni za kuwanusuru vipepeo monaki, ambao viwavi wao hula mmea huu, wana kipande cha ardhi katika bustani za jamii za Buffalo, Rochester, Syracuse au Utica, na wanataka kushiriki. Kinachokosewa ni njia, na njia hiyo ina adhabu.

Mmea unaozungumziwa hapa ni Asclepias tuberosa, na ni vyema kuuulizia kitaluni kwa jina hilo la kisayansi, kwa kuwa pembeni yake huuzwa Asclepias curassavica yenye maua mekundu na manjano, ambayo asili yake ni nchi za joto na kwetu hufa baridi inapoingia. Asklepia ya chungwa ni mmea wa asili wa mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini, nao ni wa kudumu: mashina hukauka vuli (majira yanayotangulia baridi kali), mzizi hubaki hai ardhini, na mwaka unaofuata huchipua upya. Mwaka 2017 chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu, Perennial Plant Association, kiliuteua kuwa mmea wa mwaka. Utomvu wake ni wa maji maji, si mweupe kama wa jamaa zake. Anayevunja jani na kukosa maziwa asihitimishe kwamba ameuziwa mmea bandia.

Kuhusu sheria, New York imeuweka mmea huu katika orodha ya mimea inayolindwa, katika daraja la ile inayoweza kupungua kwa sababu ya kuchumwa na watu. Ni kosa mtu kuuchuma, kuukata, kuung'oa, kuuharibu kwa dawa ya magugu au kuuchukua, akijua anachofanya, bila ridhaa ya mwenye ardhi. Faini haizidi dola 25 kwa kila kosa, na hapo ndipo watu hutabasamu na kuondoka; lakini kila mmea huhesabiwa kuwa kosa linalojitegemea, kwa hiyo aliyejaza ndoo mimea 10 anaweza kudaiwa dola 250. Mwenye ardhi binafsi anaweza kuruhusu, na tunashauri ruhusa hiyo iandikwe. Kwa ardhi ya jimbo, ridhaa maana yake ni kibali rasmi kilichotolewa kabla ya kuchimba. Neno la mlinzi aliyekutana nawe njiani si kibali. Tunalazimika kurudia pia kwamba kusema “yalikuwa maua ya porini tu, hayana mwenyewe” si utetezi. Hapa hakuna ardhi isiyo na mwenyewe.

Hata bila sheria, kuchimba ni kazi bure. Mmea uliokomaa una mzizi mkuu unaozama chini sana, na ukikatwa, sehemu inayobebwa nyumbani kwa kawaida hunyauka na kufa. Mbegu ni njia rahisi zaidi: zipande vuli moja kwa moja bustanini ili zipate baridi ya msimu, au zihifadhi kwenye mchanga wenye unyevunyevu ndani ya jokofu kwa takriban siku 30 kabla ya kupanda majira ya kuchipua. Chagua mahali penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji, hata kama ni wa kichanga na duni. Maji yanayosimama wakati wa baridi huozesha mzizi, na samadi nyingi haihitajiki. Maua hutokea mwaka wa pili au wa tatu. Weka kijiti penye mmea, kwa sababu huchelewa kuchipua, mara nyingi hadi Mei imeendelea, na kila mwaka kuna wanaoulima kwa jembe wakidhani umekufa.

Majani yakiliwa, usipige simu kuomba dawa. Anayeyala huenda ni kiwavi wa kipepeo monaki, na kumlisha ndiyo sababu ya watu wengi kupanda. (Wasomaji waliokulia Afrika Mashariki wanamfahamu jamaa yake mdogo, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake nao hula mimea ya ukoo huu.) Vidukari wa manjano waoshe kwa maji, ukiangalia kwanza kama kuna mayai ya kipepeo. Viuadudu vya kundi la nionikotinoidi vimezuiwa kwa mimea ya mapambo ya nje kwa sheria ya jimbo iliyotiwa saini Desemba 2023, isipokuwa katika hali maalumu. Ni kweli pia kwamba mzizi wa asklepia hii ulitumika zamani kama dawa ya kifua, lakini mimea ya jamii hii ina kemikali zinazoathiri moyo, na ofisi haishauri mtu yeyote kuuchemsha.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni Vincetoxicum, mimea ya kutambaa kutoka Ulaya ambayo maganda yake ya mbegu hufanana na ya asklepia, na ambayo baadhi ya watu wamekuwa wakiitunza kwa makosa. Monaki hutaga juu yake, na viwavi wanaoanguliwa hufa. Spishi zake mbili zimepigwa marufuku New York tangu 2015: haziruhusiwi kuuzwa, kununuliwa, kusafirishwa wala kuingizwa mahali papya. Kosa la kwanza huleta onyo la maandishi, la pili faini isiyopungua dola 250. Anayezikuta kwake ayakate maganda kabla hayajapasuka, ayafunge kwenye mfuko, na asiyatupe kwenye lundo la mboji. Asiye na hakika atuletee picha ya jani, ua na ganda. Picha ya kipepeo peke yake haitusaidii kuutambua mmea.