Unataka kufungua mgahawa wa chakula kisicho cha kwenu? Anza na kile usichokigusa

Wateja wangu wengi hunijia wakiwa wameshalipia fremu. Jina wanalo, rangi ya ukuta wameshachagua, na wazo lipo: sushi kwa samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, au urojo (supu ya Kizanzibari) "wa kisasa" kwa wageni wa Mji Mkongwe. Kisha huniuliza kama watu watawasema kwa kupika chakula cha wengine. Watasemwa, hilo halikwepeki. Mimi kazi yangu ni menyu, na ninaanza na swali dogo zaidi: mwenye chakula hiki akiletewa sahani, anatafuta nini kwanza? Hicho ndicho usichokigusa.

Chukua Kogi, gari la chakula lililoanza kuuza Los Angeles mwaka 2008. Roy Choi, mzaliwa wa Seoul aliyekulia California, na wenzake walitia mbavu za ng'ombe za Kikorea ndani ya taco ya Kimeksiko. Tortilla, yaani vichapati vya mahindi vinavyofunga taco, zilibaki, mbili kwa pamoja, zimepashwa kwenye bamba la moto. Kitunguu, kotmiri na ndimu navyo vikabaki. Mmeksiko wa mtaani akiishika mkononi anaijua kabla hajauma. Kilichobadilika zaidi ni nyama, na nyama ya taco imeshabadilika sana tu: al pastor yenyewe, taco ya nyama ya nguruwe inayochomwa kwenye mshikaki wima, ilitokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni.

Ivan Orkin alijipa mtihani mgumu zaidi. Mmarekani wa New York, akafungua duka la ramen, tambi za Kijapani ndani ya supu, Tokyo kwenyewe, wilaya ya Setagaya, mwaka 2007. Kijapani alikuwa amekisoma chuoni na upishi ameusomea. Bakuli la ramen lina tabaka zake: kikolezo chini, supu, mafuta, tambi, na vya kupamba juu. Orkin alitengeneza tambi zake mwenyewe, na supu ya kuku akaichanganya na dashi, mchuzi mwepesi wa Kijapani wa samaki mkavu na mwani. Ugeni wake akauweka kwenye kikolezo: sofrito ya vitunguu, tofaa, saumu na tangawizi, vilivyokaangwa kwa moto mdogo hadi vikalegea. Mlaji anahisi utamu asioujua chanzo chake, lakini kilicho mbele yake ni ramen.

Sasa rudi Zanzibar, pale Forodhani. Kwenye urojo, wageni hukimbilia kubadilisha mchuzi kwa sababu ndio unaoonekana. Nimeonjeshwa uliotiwa tui zito hadi ukali wa embe mbichi ukapotea kabisa. Ulikuwa mtamu, sikatai, ila Mzanzibari hawezi kuuita urojo. Mchuzi huo wa manjano, mchachu, usiwe mzito kama uji, ndio usioguswa. Vinavyoelea ndani vina nafasi kubwa mno: bhajia, kachori, viazi, mishikaki, yai, muhogo wa kukaanga. Anayejua tempura, mboga au kamba wa kukaanga kwa uji mwepesi wa unga kwa mtindo wa Kijapani, aikaange badala ya bhajia. Anayejua pweza wa kuchoma amtie. Hakuna atakayegomba.

Jaribio ninalowapa wote ni hili. Pika kwanza chakula chenyewe, bila ubunifu wako hata chembe, uwape watu waliokulia nacho. Usiwaulize kama ni kitamu. Watu wetu wana adabu, watakwambia kitamu. Tazama mikono. Mtu akinyoosha mkono kutafuta ndimu au pilipili baada ya kijiko cha kwanza, umeshajibiwa. Angalia na kilichobaki bakulini. Mpaka wamalize wakiwa wanazungumza habari nyingine kabisa, ubunifu usubiri.

Jikoni nako kuna jambo. Ukimwajiri bibi wa Pemba akufundishe kisha ukamweka kuosha vyombo, lawama zote utakazopata ni halali yako. Mpe mamlaka ya kukataa sahani isitoke, na mshahara unaolingana na mamlaka hayo. Wenye mitaji hukunja uso hapa kuliko kwenye bei ya jokofu.

Neno "asilia" liondoe kwenye menyu. Andika kilichomo: mchuzi wa embe mbichi, tempura ya biringani, chatini ya nazi. Na bei ya urojo wako ikiwa mara kumi ya ile ya barazani, bakuli lenyewe lionyeshe pesa imekwenda wapi. Pweza anaonekana, ubunifu hauonekani.