Kobe wa Ndani ya Nyumba: Dhana Potofu Kuhusu Taa na Banda Lake

Kobe anaweza kula vizuri kila siku, akanywa na kutembea, huku gamba lake likiendelea kulainika. Mfugaji hushangaa, kwa kuwa banda linang'aa, lina joto, na kwa kulitazama halina kasoro. Lakini vitu viwili ambavyo kobe wa ndani huvihitaji mno, yaani miale ya UVB (aina ya miale ya urujuanimno iliyomo kwenye jua) na tofauti ya joto kati ya upande mmoja wa banda na mwingine, havionekani kwa macho. Dhana nyingi potofu kuhusu ufugaji huu zinatokana na kuyaamini macho mahali panapohitaji kipimo.

"Banda liko dirishani, jua analipata"

Mwanga anaupata, na joto pia. UVB haipati. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote ya aina hiyo, na plastiki nyingi zinazopitisha mwanga hufanya vivyo hivyo. Kobe anaweza kukaa kwenye jua kali la dirishani mwaka mzima, na ngozi yake ikawa kama iliyofungiwa chumbani.

Miale inayohusika ina urefu wa mawimbi wa nanomita 290 hadi 315 hivi. Ikipiga ngozi hubadilisha aina fulani ya kolesteroli kuwa kitangulizi cha vitamini D3, kisha joto la mwili hukigeuza kuwa D3 yenyewe, na ini pamoja na figo humalizia kazi. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, hata kama majani anayokula yamejaa madini hayo. Hapo mwili huanza kuichota kalsiamu kwenye mifupa. Gamba nalo ni mfupa, uliofunikwa kwa vigae vigumu na kuungana na mbavu na uti wa mgongo. Kobe hawezi kulivua, na likidhoofika amedhoofika mwili mzima.

Kwa kuwa kazi hiyo inahitaji miale na joto kwa wakati mmoja, taa ya UVB na taa ya joto huwekwa bega kwa bega juu ya sehemu ileile ya kuotea jua. Mara nyingi utaona taa hizi zimetenganishwa, moja kona hii na nyingine kona ile, eti ili banda zima lipate mwanga. Kobe akienda kwenye joto anakosa UVB, akienda kwenye UVB anapoa.

"Taa inawaka, basi inafanya kazi"

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu anayeikosea hana dalili yoyote ya kumshtua. Taa ya UVB huendelea kutoa mwanga mweupe kwa miaka, lakini nguvu ya UVB hupungua kadiri inavyotumika. Tyubu nzuri za T5 (taa ndefu nyembamba za mrija) kwa kawaida hubadilishwa baada ya miezi 12 hivi, na balbu ndogo za kujikunja baada ya miezi 6. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye kishikio cha taa, tarehe uliyoifunga.

Balbu ya kawaida ya LED haitoi UVB kabisa, hata iwe kali namna gani. Maneno kama "mwanga kamili" au "mwanga wa mchana" kwenye boksi yanaeleza rangi ya mwanga tu. Kama UVB haikutajwa waziwazi, chukulia haimo.

Hata taa mpya yaweza kuwa bure ikiwa imewekwa vibaya. Wavu mwembamba chini ya taa unaweza kupunguza miale kwa theluthi moja au hata nusu. Umbali nao ni muhimu: ukiongeza sentimita chache, kobe anapata miale pungufu, na ukiishusha taa mno unamuunguza macho. Fuata umbali ulioelezwa na mtengenezaji, na uupime kuanzia taa hadi juu ya gamba, si hadi sakafuni. Wenye uwezo hununua kipimo cha UVI, yaani namba inayoonyesha ukali wa miale ya urujuanimno. Kwa kobe wa Mediterania na wa nyika kavu, UVI ya 3 hadi 5 pale anapoota jua ni lengo zuri. Kwa wale wa misituni, 1 hadi 3. Na pawepo kivuli wakati wote, ili achague mwenyewe.

Taa ikae juu yake, isielekezwe kutoka ubavuni. Paji la kobe huyakinga macho dhidi ya jua la utosini, lakini halimsaidii dhidi ya mwanga unaomjia usoni. Kobe anayefumba macho kila taa inapowashwa, au mwenye kope zilizovimba, aondolewe chini ya taa hiyo kwanza, maswali yafuate.

"Nampa vitamini, taa si lazima"

D3 ya unga au ya matone ina manufaa yake, lakini haichukui nafasi ya taa. Ngozi hujidhibiti: ikishatengeneza kiasi cha kutosha, miale inayoendelea kuipiga huivunja ile ziada. D3 ya mdomoni haina breki hiyo, na ikizidi huleta sumu na kalsiamu kuganda mahali pasipostahili.

"Joto ni joto, litoke popote"

Wengi hununua mkeka wa joto au jiwe la umeme, wakauweka chini ya banda zima. Porini joto humjia kobe kutoka juu, na akizidiwa hujichimbia chini kutafuta ubaridi. Ukimwekea moto chini umemgeuzia dunia. Anajizika ili apoe, anakutana na joto zaidi, na gamba la tumbo huweza kuungua mfugaji asijue mpaka amgeuze.

Afadhali balbu ya halojeni inayotawanya mwanga, iliyoning'inizwa upande mmoja tu. Chini yake weka jiwe pana la bapa, joto lifike nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na upande wa pili ubaki kati ya 20 na 25. Banda lenye nyuzi 30 kila mahali ni baya kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kobe hana joto lake mwenyewe na hujirekebisha kwa kutembea. Kama hakuna pa kwenda, hana la kufanya.

Pima, usikisie. Kipimajoto cha kubandika ukutani kinakupa joto la ukuta. Weka kihisio cha kipimajoto cha dijitali juu ya lile jiwe, kwenye kimo cha gamba, acha taa iwake saa nzima, kisha soma. Halafu mtazame mwenyewe: aliyeridhika hunyoosha shingo na miguu ya nyuma nje, ngozi wazi, ametulia. Asiyeondoka chini ya taa siku nzima pengine anaona baridi, na anayeikimbia taa kila ikiwashwa anaunguzwa.

Taa za joto hufungwa kwenye kishikio cha kauri na kuning'inizwa kwa mnyororo. Klipu peke yake haitoshi. Huachia, na balbu ya moto ikiangukia makumbi makavu yaliyotandikwa bandani ni nyumba inayoungua.

Taa nyekundu ya usiku nayo iachwe. Kobe huona rangi nyekundu vizuri, tena huona hata sehemu ya miale ya urujuanimno tusiyoiona sisi, kwa hiyo kwake usiku huo ni mchana wenye rangi ngeni. Mpe mwanga kwa muda wa saa 12, kisha giza la kweli. Chumba kikiwa baridi mno kwa aina ya kobe wako, tumia hita ya kauri isiyotoa mwanga, yenye thamostati (kifaa cha kudhibiti joto). Kobe wazima wa Mediterania huvumilia usiku wa nyuzi 15, lakini wa tropiki wasiachwe chini ya 20.

"Balbu moja inayotoa vyote inatosha"

Balbu za mvuke wa zebaki hutoa joto, mwanga na UVB pamoja. Hata hivyo haziendani na thamostati ya kupunguza nguvu, na joto lake hujikusanya padogo katikati ya gamba. Ningezitumia kwenye banda kubwa lenye dari refu, si kwa kifaranga.

"Tangi la kioo ndilo nyumba yake"

Kobe haelewi ukuta anaoweza kuona ng'ambo yake. Atausukuma kioo kwa pua, aukwangue kwa kucha saa nzima, arudi kesho. Kuta za mbao zisizopitisha mwanga humtuliza. Eneo nalo ni muhimu. Kwa kobe mdogo sentimita 120 kwa 60 ni mwanzo tu, na wengi wa waliokomaa wanataka mita 2.4 kwa 1.2 au zaidi. Yale ya kwamba kobe hukua kulingana na boksi lake si kweli. Hukua au huharibika.

"Kobe wa nchi kavu anataka pakavu"

Dhana hii ina mizizi mirefu, kwa sababu inaonekana ya busara. Wanaotoka maeneo makame hawashindi juani. Sehemu kubwa ya siku huwa mashimoni au chini ya vichaka, ambako hewa ina unyevu. Kifaranga kwenye banda kavu lenye taa inayopuliza joto mgongoni hukua na gamba lenye vilima, kila kigae kimechongoka. Zamani lawama zote zilibebwa na protini. Utafiti wa Wiesner na Iben uliochapishwa mwaka 2003, wakiwachunguza kobe wa sulcata (aina ya kobe wakubwa wa Afrika), ulionyesha kwamba unyevu wa hewa ulikuwa na athari kubwa kuliko protini ya chakula.

Tandika udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 10 au zaidi, apate kujizika. Mimina maji pembeni ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu, kwani tope la kudumu huozesha gamba la tumbo. Mwekee na pango la kujificha lenye unyevu zaidi. Mchanga mtupu haufai, kwani akiumeza unaziba utumbo, na randa za mierezi zina mafuta yanayowasha.

"Ana upweke, mletee mwenzake"

Hana. Wawili kwenye banda la ndani mara nyingi humaanisha mmoja anashika taa na mwingine anakosa.

"Anaonekana mzima, basi banda ni sawa"

Kobe huficha ugonjwa kwa miezi. Dalili za mwanzo ni ndogo: anakokota tumbo badala ya kujiinua kwa miguu, anakosa nguvu ya kung'ata majani, au ukingo wa gamba unabonyea chini ya kidole. Kwa kifaranga mchanga gamba kubonyea kidogo ni kawaida, kwa kobe mkubwa sivyo. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu reptilia, apigwe eksirei mifupa ionekane, na ubebe jina la taa yako, tarehe uliyoifunga na umbali wake kutoka gambani.