Ukaguzi wa Majengo ya Kale kwa Roboti Baada ya Tetemeko la Ardhi

Ukaguzi kwa roboti ni kazi ya kupeleka chombo kinachoongozwa kwa mbali ndani ya jengo lililotikiswa na tetemeko, ili kilete picha na vipimo ambavyo mhandisi, akiwa nje mahali salama, atavitumia kuamua ni ukuta upi utegemezwe kwanza na kama mtu anaweza kuingia. Uamuzi hubaki kwa mhandisi. Roboti humpa jicho na rula mahali ambapo mwili wake haupaswi kufika.

Sababu yake inaonekana wazi kwa yaliyotokea Assisi, Italia, tarehe 26 Septemba 1997. Usiku wa manane tetemeko liliikumba Basilika ya Mtakatifu Fransisko. Kulipokucha, watawa na wataalamu waliingia kuangalia madhara, na kabla ya saa sita mchana tetemeko la pili likaangusha sehemu za dari la matao na kuwaua watu wanne. Kuta nyingi za kale zina nyuso mbili za mawe, katikati mmejazwa kokoto na chokaa, bila nondo hata moja. Mtikisiko wa kwanza hulegeza chokaa hiyo, ukuta ukabaki umesimama kwa uzito wake tu, kiasi kwamba mtetemo mdogo unaofuata waweza kuumaliza. Anayeukagua kwa macho ya karibu huwa chini yake saa ile ile ya hatari.

Mfano mzuri wa kazi yenyewe ni Amatrice, mji wa Italia ulioharibiwa na tetemeko la tarehe 24 Agosti 2016. Siku chache baadaye, kwa ombi la kikosi cha zimamoto cha nchi hiyo, watafiti wa mradi wa Ulaya uitwao TRADR walipeleka roboti zinazotembea kwa minyororo kama ya katapila, pamoja na ndege nyuki, katika makanisa ya San Francesco na Sant'Agostino. Picha nyingi zinazopishana kidogo kidogo hupigwa, kisha programu hutafuta nukta ile ile katika picha kadhaa na kukokotoa ilipo, hadi jengo zima lionekane kwenye kompyuta kwa urefu, upana na kina. Hapo ndipo mhandisi huona nyufa zilizokatizana kama herufi X kati ya madirisha, ukuta wa mbele uliojitenga na kuta za ubavuni, au jiwe la kileleni mwa tao lililoshuka, naye hulipima bila kuligusa. Kazi si nyepesi, kwani vifusi hukwamisha minyororo, na kuta nene huzuia mawimbi ya redio na yale ya setilaiti.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya kulifahamu jambo hili. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa, na mwezi Julai 2007 matetemeko ya eneo la Gelai na Oldoinyo Lengai, kubwa lake likiwa la kipimo cha 5.9, yalisikika hapa mjini na hata Nairobi. Boma la Wajerumani, lililojengwa karibu na mwaka 1900 kwa nguvu za wenyeji walioshurutishwa, ni ushahidi ambao, kwa maoni yangu, haufai kupotea. Ndege nyuki ya kawaida na fundi mwenye subira wangetosha kulipiga picha na kulitengenezea kielelezo cha vipimo sasa, likiwa zima, na huo ndio msingi ambao ukaguzi wowote wa baadaye ungeutegemea. Roboti huonyesha ufa uliopo, lakini haiwezi kutenganisha ufa wa miaka hamsini na ule wa jana usiku, isipokuwa ukuta huo uwe ulipimwa kabla.